Tulivyomzika Mpiga Piano Hewani

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi si mtu mwema sana. Kazi ya redio haitaki mtu mwema, inataka mtu asiyenyamaza. Nimekaa miaka kumi na moja kwenye kituo kimoja kidogo mjini Isiolo, chumba kimoja na nusu juu ya duka la mabati na misumari, na katika miaka hiyo wameniambia nina mdomo mbaya maimamu, wachungaji, chifu mmoja na mama yangu mzazi. Wote hao hawakosi kunisikiliza Jumamosi.

Kipindi changu cha Jumamosi, saa nane hadi saa tisa mchana, ni cha salamu. Mtu anapiga simu au anatuma meseji, anataja watu anaowasalimia, mimi nawasoma, naongeza chumvi kidogo, tunacheka. Usione ni upuuzi. Kuna watu katika kaunti hii wamejenga jina kwa salamu tu. Hawajawahi kuchaguliwa hata kwenye kamati ya kisima, lakini ukitaja jina lao la redioni, kuanzia Burat mpaka Kulamawe watu wanasema, aa, huyo tunamjua. Mmoja wao alikuwa mwanamke mwenye duka huko Kulamawe. Masafa yetu hufika kule kwa kubahatisha, ila yeye hakukosa. Kila Jumamosi meseji yake ilikuwa na watu kumi na wanne, kwa mpangilio uleule, kuanzia mwalimu aliyemfundisha darasa la kwanza hadi fundi wa pampu ya maji. Mimi nilikuwa nawasoma haraka haraka kama mtu anayekunywa dawa.

Sikujua kwamba kuna mtu anayewahesabu.

Alikuja studio siku ya Jumanne, mzee mrefu, mwembamba, suti ya kahawia iliyomwacha zamani, na kaseti moja mkononi imefungwa kwa kitambaa. Nilimjua kwa macho. Alikuwa na shamba la vitunguu Burat, upande wa kambi ya jeshi, na watoto wa huko walimwita Mzee Nairobi. Nikamwambia kama ameleta tangazo la vitunguu aende kwa karani. Akasema hapana, ameleta jazi. Akalitamka hilo neno kama mtu anayekutajia ukoo wake.

Alikuwa amepiga piano katika hoteli za Nairobi miaka thelathini. Wageni wakila, yeye anapiga. Halafu hoteli zikanunua mashine ya muziki isiyoomba likizo, na vidole vyake navyo vikaanza kupinda kwa baridi yabisi, akarudi Isiolo kulima. Akanionyesha vidole vyenyewe. Vilikuwa vimekwenda kila kimoja na njia yake.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hapa watu wanataka rhumba. Wanataka benga. Wanataka nyimbo za kusifu ngamia. Hiyo jazi utampigia nani?"

"Mtu mmoja," akasema. "Kila Jumamosi unamsoma. Yule wa Kulamawe mwenye duka. Anasalimia watu kumi na wanne. Mimi ni baba yake, na mimi simo."

Hapo nikaacha kuchezea simu.

Akaniambia alimwoa mama yake, msichana wa Kiborana wa hapa mjini, akasilimu ili amwoe, kisha akaenda Nairobi kutafuta maisha na maisha yakamkalia huko. "Tulikosana na mama yake zamani," ndiyo maneno aliyotumia. Mama alishafariki. Tangu arudi amekwenda Kulamawe mara mbili, na mara zote binti amefunga dirisha la duka mchana kweupe, wateja wakiwa wamesimama nje na vibuyu vya maziwa. Simu zake hapokei. Sasa alitaka kitu kimoja tu: saa moja ya redio, muziki wake upigwe, maisha yake yasimuliwe, na simu ziwe wazi.

"Akipiga, hata akinitukana, nitakuwa nimemsikia akisema na mimi," akasema. "Sijawahi kumsikia akisema na mimi tangu awe mtu mzima. Namsikia kwa mdomo wako tu, na wewe unasoma vibaya."

Nilikubali. Usifikiri ni huruma. Kipindi kilikuwa kimelala wiki kadhaa, wasalimiaji walewale, utani uleule, na hapa mtu ananiletea baba aliyekosana na mtoto. Nilinusa nyama, nikakubali.

Sasa ngoja nikueleze habari ya piano na watu wetu, maana bila hiyo hutauelewa ujinga nilioufanya. Sisi husoma matangazo ya vifo kila siku saa saba mchana na saa moja jioni. Kituo kilipoanza, matangazo hayo yalitanguliwa na wimbo wa kwaya. Wiki ya kwanza tu Waislamu wakaja juu: marehemu wetu ni haji, vipi anasindikizwa kaburini na kwaya? Tukaweka kaswida. Wakulima wa kutoka Meru nao wakaja na mchungaji wao, wakauliza kama redio imesilimu. Kikaitwa kikao. Chai ikanyweka, sauti zikapanda, na mwishowe wakaafikiana juu ya kitu kimoja: muziki wa piano mtupu, wa polepole, usio na maneno, ambao hakuna dini wala kabila katika kaunti nzima iliyoweza kusema ni wake. Ukawa ndio huo, mwaka baada ya mwaka. Mtu wa Isiolo hasikii piano popote pengine. Akisikia noti ya kwanza anaweka kikombe chini, anawanyamazisha watoto, anasubiri kujua ni nani. Hata wauza miraa pale stendi, ambao hawanyamazi hata wakinyeshewa, hunyamaza.

Na mimi, niliyeupiga muziki huo mara mbili kwa siku, nikasahau. Anayepika hasikii harufu ya vitunguu nguoni mwake.

Jumamosi ilipofika nilitaka kuingia kwa madoido. Badala ya kupiga kelele zangu za kila wiki, niliiachia kaseti ya mzee iende dakika nzima bila neno. Wimbo wenyewe ulikuwa mtulivu, wa kupapasa papasa. Kisha nikashusha sauti yangu, ile sauti ya adabu ambayo mama yangu hunilaumu kwamba sina, nikaanza: mzaliwa wa Meru, aliyesoma shule ya misheni, aliyefanya kazi Nairobi miaka thelathini, mkazi wa Burat, baba wa binti mmoja. Ukitazama ni mpangilio uleule, hatua kwa hatua, ninaousoma saa saba.

Meseji ya kwanza iliingia kabla sijameza mate. *Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Ni yule wa vitunguu?* Ya pili: *Poleni sana familia. Mazishi ni lini?* Ya tatu: *Madam rudia jina sisi huku network ni mbaya.* Halafu zikaja kama nzige.

Fundi wetu wa mitambo, Mborana mpole ambaye sijawahi kumsikia akiapa, alikuwa ng'ambo ya kioo. Alikipiga kioo kwa kiganja, akanionyesha kidole juu, kidole chini, akapitisha mkono shingoni. Nikamwelewa: tulikuwa tumetangaza kifo. Mzee alikuwa ameketi mbele yangu, hedifoni masikioni, anasoma meseji kwenye skrini kwa kuinamisha kichwa. Nilidhani atakasirika. Akacheka kidogo, puani.

"Wananizika," akasema.

Nikanyoosha mkono nifungue maiki yangu nisahihishe. Akanishika. Vidole vile vilivyopinda, sikujua kama bado vina nguvu hiyo.

"Acha kwanza."

"Mzee, watu wanadhani umekufa."

"Najua. Akisikia niko hai hatapiga, ameshazoea kuwa niko hai. Akisikia nimekufa, atapiga."

"Hiyo ni laana, mzee wangu."

"Ni dakika chache tu. Akipiga, nitamwambia mwenyewe."

Nikatazama simu. Laini zetu zote nne zilikuwa zinawaka. Tangu niajiriwe sijawahi kuona zote nne zikiwaka, hata siku ya matokeo ya kura. Fundi alikuwa bado anatikisa kichwa. Ningeweza kusema sentensi moja tu, wapendwa wasikilizaji, mzee yuko hapa mzima anakunywa chai, na mambo yangeisha. Sikuisema. Niliziona zile taa nne na nikatoa mkono kwenye maiki kwa hiari yangu, na mtu asije akaniambia nilishikwa.

Hewani nikasema, "Tunamkumbuka Mzee. Simu ziko wazi." Huo haukuwa uongo, nilijiambia. Mwanasheria wangu wa moyoni ni hodari sana.

Wa kwanza alikuwa jirani yake wa Burat. "Poleni," akasema. "Marehemu alikuwa jirani mzuri. Alikuwa na tabia ya kufungulia maji ya mfereji kabla ya zamu yake, lakini sasa si wakati ya kusema hiyo."

"Lakini umesema."

"Nimesema kidogo. Sasa nilikuwa nauliza, zamu yake ya Jumatano, hiyo maji itaenda kwa nani? Kwa sababu nyanya yangu inakauka."

Kufa kufaana, wahenga hawakukosea. Mzee alikuwa bado hajapoa kwenye kiti chake na maji yake yalishagawanywa. Nilimtazama nikitegemea atacheka tena. Hakucheka. Akasogeza kiti.

Wa pili alitaka kujua yule punda wake mweusi anauzwa au anakwenda kwa familia. Wa tatu alikuwa msalimiaji wangu sugu kutoka mtaa wa nyuma ya soko la mifugo, mtu asiyejua kuacha. Akatoa pole nusu sentensi, kisha: "Na kwa hii huzuni kubwa ningependa kusalimia mke wangu, mama watoto, nisalimie pia kikundi ya wachinjaji, nisalimie wewe mwenyewe madam na fundi mitambo." Nikamwambia asante sana, marehemu amefurahi.

Kisha akapiga mama wa kwaya ya kanisa moja la hapa mjini. Huyo alikuja amejipanga.

"Mimi nataka ukweli usemwe," akasema. "Tulimpa kinanda. Tulimwambia, mzee, tupigie nyimbo za ibada. Jumapili ya kwanza akapiga sawa. Ya pili akaanza kuongeza vitu vyake katikati. Wimbo ya kutubu, watu wanatingisha mabega! Watoto wanacheka! Mchungaji akamwambia, hii si baa. Akasema eti sisi hatuna masikio. Tukamfukuza. Mungu amrehemu."

"Mwongo!" mzee akanong'ona, mate yakimtoka. "Sikufukuzwa. Niliondoka mwenyewe." Akanyoosha shingo kuelekea maiki yake. Ilikuwa imefungwa. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe chake, na pale ulikaa.

Kati ya simu na simu nilipiga kaseti yake, na huko nako hakupona. *Huyu mtu anatafuta nini kwa hiyo piano, amepoteza ufunguo?* *Mwambie amalize, chakula inapoa.* *Hii ndiyo alikuwa anatuambia alipigia wazungu? Ndiyo maana walirudi kwao.* Wauza miraa wa stendi wakatuma mmoja wao apige kwa niaba yao wote: "Madam, tunaomba kwa heshima. Tumelia imetosha. Hii ngoma inafanya veve tunayotafuna ikuwe chungu. Weka kitu ya kuchangamsha." Nyuma yake watu wakashangilia. Nilicheka, hewani, kwenye mazishi. Nilisoma kila moja kwa sauti, na zile zenye sumu zaidi nilizisoma taratibu ili zisikike vizuri. Mzee hakuwa na pa kukimbilia. Alikuwa amezivaa kichwani.

Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia ni yale maneno yake, unasoma vibaya. Niliyabeba tangu Jumanne. Ndivyo nilivyo.

Alipiga mtu mmoja tu wa kheri. Mwanajeshi mstaafu, sauti nzito, akasema aliwahi kumsikia yule mzee akipiga kwenye sherehe moja kambini, na kwamba usiku ule alifikiri juu ya marehemu kaka yake kwa mara ya kwanza bila kukasirika. "Nilitaka nimwambie," akasema. "Nilikuwa nampita tu barabarani na baiskeli. Nilitaka nimwambie kwamba ule wimbo wa mwisho—" Na salio likamwishia. Tulisikia ule mlio wa tuu tuu tuu. Mzee aliinua macho, akaniangalia kama mimi ndiye niliyekata.

"Mpigie," akasema.

"Mzee, laini zote zimejaa. Unamtaka mwanajeshi au unamtaka binti?"

Saa ya ukutani ilikuwa imefika saa nane na dakika thelathini na tano, na Kulamawe ilikuwa kimya. Nilianza kuona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Alikuwa ameuza jina lake, maji yake, punda wake na muziki wake, yote kwa simu moja, na simu yenyewe haikuwa imeingia. Ningekuwa mwanamke mwingine ningemhurumia hapo. Nilimsukumia chai.

Iliingia saa nane na dakika arobaini na moja. Fundi aliandika kwenye karatasi akaibandika kwenye kioo: KULAMAWE. DUKA.

Mzee alisimama, akakaa. Akatengeneza tai.

"Salaam aleikum, dada," ikasema ile sauti. Mwaka mzima nilikuwa nasoma meseji zake na sikuwa nimewahi kuisikia. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja waliolala.

"Waaleikum salaam. Karibu hewani."

"Nimesikia matangazo. Mtu wa piano, wa Burat." Akakohoa. "Nauliza, ni kweli amekufa?"

Mzee alikuwa amenikazia macho. Huu ndio ulikuwa wakati wake. Nitamwambia mwenyewe, alikuwa amesema. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha maiki yake, nikamwuliza kwa nyusi: nifungue? Akatikisa kichwa. Akachukua kalamu yangu, akaandika juu ya ratiba ya kipindi: *Sema ndiyo.*

Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikasema. "Ndiyo, dada yangu. Tumempoteza. Pole sana."

Kisha akaanza kulia. Hakupiga mayowe. Alilia vile mtu anavyolia akiwa nyuma ya meza ya duka na watu wamesimama mbele yake, anavuta pumzi, anaizuia, inamponyoka. Tukamsikia akimwambia mtu, "Ngoja kidogo." Fundi wangu alitazama sakafu.

"Nisamehe dada," akasema. "Nilikuwa nimeapa. Mimi huyu mtu nilishamlilia."

"Vipi, dada?"

"Nikiwa na miaka tisa. Alikuja dereva ya lori ya ng'ombe kutoka Nairobi. Akaleta shati ya baba. Akasema baba yenu amekufa, amezikwa huko. Mama akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba, na mimi ndiye nilikuwa naenda sokoni, na mimi ndiye nilikuwa naleta maji, na watu wananiita yatima. Hata nguo za sikukuu nilipewa za yatima, na msikiti." Akavuta kamasi. "Nikiwa kidato cha pili, jirani yetu akarudi kutoka Nairobi, akasema amemwona. Hotelini. Anapiga piano, watu wanakula kuku. Alikuwa ametuma ile shati yeye mwenyewe, dada. Alitaka kuoa huko na hakutaka mama amfuate. Mama alisema tu, mimi eda yangu nilikaa, Mungu aliniona."

Hakuna aliyekuwa ameniambia hayo. Tulikosana na mama yake zamani!

"Sasa leo nimesikia ile piano," akaendelea, "nikasema mwongo huyo, safari hii hanipati. Lakini ona. Nalia. Mtu moja, mara mbili. Haki ya Mungu, huyu mtu amenifanya mjinga hata akiwa maiti."

Akaanza tena kulia, na sasa hakuizuia.

Nikamwinulia mzee uso nimwone anavyoona haya. Mzee alikuwa amefumba macho. Alikuwa anatabasamu. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya meza, na vidole vile vibovu vilikuwa vinapiga, polepole, kushoto na kulia, vinafuatana na kilio cha mtoto wake. Kila alipovuta pumzi vinangoja. Kila alipoachia vinashuka. Alikuwa amelilia sana kusikia kwamba anapendwa, na sasa alikuwa anasikia, na mwenye kulipa alikuwa mwingine tena.

Nimeona mambo katika kazi hii. Nimesoma matangazo ya vifo vya watoto. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule mzee dakika ile, na nusu ya chuki ilikuwa yangu mwenyewe, maana ile "ndiyo" nilikuwa nimeitamka kwa mdomo wangu.

Nikafungua maiki yake, nikapandisha sauti mpaka juu. Taa nyekundu ikawaka mbele ya pua yake.

"Mzee," nikasema, kaunti nzima ikisikia, "acha kuchezea meza yangu. Msalimie binti yako."

Akafumbua macho. Vidole vikaganda. Aliitazama ile taa, akanitazama, na akajua hakuna mlango.

"Mwanangu," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Ni mimi. Ni baba. Niko hapa."

Kilio kilikatika palepale, kama bomba lililofungwa. Meseji nazo zilisimama. Nafikiri hata wale wa stendi waliacha kutafuna. Nilingoja matusi. Yeye naye alingoja, kwa hamu, nilimwona, alikuwa ameinua uso tayari kuyapokea. Alishaniambia hata matusi yangemtosha.

Kisha tukasikia kishindo kidogo, kama simu inapolazwa juu ya ubao, na sauti yake kwa mbali kidogo, kavu, ya kazi. Hakuwa anasema na sisi.

"Ulisema robo ama nusu?"

"Nusu," mteja akajibu. "Sukari."

"Mwanangu, nisikilize," mzee akasema. "Nilikuwa kijana. Nilikuwa na woga. Nimekuja kwako mara mbili—"

"Na majani iko?" akauliza mteja.

"Iko. Ya pakiti ndogo ama kubwa?"

Tukasikia karatasi ikikunjwa. Tukasikia chuma cha mizani. Akamwuliza mteja kama mbuzi wa mama yake wamepona ule ugonjwa wa midomo, na mteja akasema wawili wamepona, mmoja amekufa, na akasema pole, pole sana kwa huyo mmoja. Akamaanisha. Mtu mwingine akaingia, akasalimiwa kwa Kiborana, salamu ndefu, ya watu, ya mifugo, ya mvua. Mzee alisema maneno mengine matatu manne, halafu akaacha kusema. Akaweka viganja vyote viwili juu ya hedifoni, akazibana masikioni, akainama mpaka paji likagusa meza. Hakuikata ile simu, yule mwanamke. Sijui kama aliisahau au alituachia makusudi. Alikuwa anauza duka lake, na baba yake alikuwa pale juu ya ubao kati ya mizani na kiberiti, hana bei.

Fundi alinionyesha saa. Habari za saa tisa haziahirishwi, hata rais akiwa studio. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha laini ya Kulamawe.

Mzee akaliona lile. Hakunishika mkono safari hii.

"Niachie dakika moja," akasema, bila kuinua kichwa. "Anacheka. Kuna mtu amemchekesha. Sijawahi kumsikia akicheka."

Ilikuwa kweli. Nami nilikuwa namsikia. Dakika moja ya habari haingemuua mtu, na ningeweza kumpa, na hakuna ambaye angeniuliza. Nikaikata. Nikavuta karatasi zangu, nikasalimia wasikilizaji, nikaanza na bei ya mbuzi sokoni, na yeye akabaki ameinama vilevile, ameshikilia hedifoni kwa mikono miwili, na ndani yake sasa hakukuwa na mtu mwingine ila mimi.